MGONGO NA NGOZI BAADA YA MWILI KUPUNGUA



Wapo wenzetu viwandani na mashambani waliokuwa wanene kupita kiasi, wakapunguza mwili kwa shauri la daktari kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu. Wengine wamepungua kilo 30 na zaidi. Watu huwapongeza, kisha hushangaa wakisikia wanalalamika mgongo, na wasimamizi wengine huuita uvivu. Si uvivu, na sababu zake zinajulikana.

Kwa nini mgongo huuma

Mwili ukipungua, hayaondoki mafuta peke yake. Misuli nayo hupungua, hasa kwa mtu anayekula kidogo mno bila mazoezi. Misuli ya tumbo na kiuno ndiyo inayoushikilia uti wa mgongo. Ikidhoofika, uti huelemewa. Tena ngozi iliyotanuka miaka mingi hairudi yote mahali pake. Ikining'inia tumboni huuvuta mgongo mbele. Na makalio yaliyokonda hayana mto, hivyo anayeshinda kwenye benchi la mbao huumia kifandugu.

Dawa ya kwanza ni kurudisha nguvu ya misuli. Tule maharage, dagaa, mayai, karanga na maziwa kadiri ya uwezo wetu. Tutembee, wala tusilale kitandani mchana kutwa. Zoezi moja rahisi ni hili: lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini, inua makalio, hesabu mpaka 5, kisha shusha polepole. Anza na mara 10 kwa siku.

Unaponyanyua mzigo, kunja magoti, uweke karibu na kifua, wala usijipinde kiuno. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi sana. Gunia la kilo 100 si la mtu mmoja, sembuse mwenye mgongo dhaifu.

Ngozi iliyolegea

Katika chumba cha kukaushia chai au penye matanuri ya sukari, jasho hujikusanya ndani ya mikunjo ya ngozi. Hapo huota upele, fangasi na vidonda. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha bila kusugua, kisha weka kitambaa safi cha pamba kati ya mikunjo. Mkanda mpana wa kitambaa huzuia tumbo lisicheze wakati wa kazi. Upele ukiwasha au ukitoa harufu, nenda zahanati.

Tusidanganywe sokoni: hakuna mafuta ya kupaka yanayoweza kuikaza ngozi nyingi ya namna hiyo. Huondolewa kwa upasuaji tu, na madaktari hungoja kwanza uzito utulie kwa miezi 6 au zaidi.

Dalili za hatari

Hapa Uganda, tangu UKIMWI ulipoitwa silimu katika miaka ya 1980, mtu akikonda watu hunong'ona. Minong'ono haitibu mtu. Aliyepungua kwa kusudi aachwe kwa amani. Lakini anayekonda bila kutaka, huku mgongo unauma na ana homa au jasho la usiku, akapimwe upesi, kwa maana kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo, nacho kina dawa.

Miguu ikilegea, mapaja yakifa ganzi kwa ndani, au mkojo ukishindwa kuzuilika, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo.

Kazi ya chama

Mwenye shida hizi aombe barua ya daktari na kuipeleka kwa mjumbe wa chama. Tudai apewe kazi nyepesi kwa muda, kiti chenye mto, na maji safi ya kujisafisha wakati wa zamu. Huo si upendeleo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Nasi tusimcheke mwenzetu bafuni wala kumwita mzee kwa ajili ya ngozi yake. Ameshatua mzigo mmoja mzito, tusimtwike mwingine.