Maumivu ya Mgongo na Shingo: Tuangalie Tunavyoinama

Kila msimu wa palizi, wakulima wengi wa mtama, uwele na alizeti mkoani Dodoma hulalamikia kiuno. Umri hulaumiwa, ilhali mara nyingi chanzo ni namna tunavyoinama.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zenye sahani laini katikati yake. Mtu anapoinama kutoka kiunoni huku magoti yamenyooka, misuli ya mgongo hulazimika kukishikilia kiwiliwili chote, na sahani hizo hubanwa upande wa mbele. Jembe la mpini mfupi humweka mkulima katika hali hiyo kwa saa kadhaa. Mpini mrefu zaidi ni gharama ndogo.

Maji ya ndoo ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Chuchumaa, isogeze ndoo karibu na mwili, kisha inuka kwa nguvu za miguu, na mwenzako akusaidie kujitwika. Mtoto apewe ndoo ndogo. Kichwa chenyewe kina uzito wa takribani kilo 5. Kukiinamia simu kwa muda mrefu huichosha shingo, na hapo sisi wa ofisini hatujinasui.

Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii, tembea taratibu. Hata hivyo, mwenye ganzi au udhaifu wa miguu, anayeshindwa kuzuia mkojo, mwenye homa au anayekonda afike zahanati bila kuchelewa. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo, na matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.