Mita Ndiyo Mpaka: Bomba Likipasuka, Nani Analipa?

Bomba likipasuka kati ya barabara na nyumba, swali la kwanza huwa la pesa. Nani atamlipa fundi? Na maji yaliyomwagika yataingia kwenye bili ya nani? Kuanzia Migori na Rongo hadi Homa Bay na Oyugis, magharibi mwa Kenya, watu hununiana kwa sababu ya kipande cha bomba la nusu inchi ambacho hata hakionekani. Jibu ni rahisi kuliko ugomvi wenyewe. Maji ambayo hayajapita kwenye mita ni ya kampuni ya maji. Yakishapita ni yako, uyanywe, uyafulie, au yamwagike chini ya saruji usiku kucha bila wewe kujua.

Kinachowachanganya wengi ni jinsi maji yanavyoingizwa. Unapoomba kuunganishiwa na kampuni hiyo, iwe MIWASCO kule Migori au HOMAWASCO kule Homa Bay, unalipa ada na amana, na mara nyingi unanunua vifaa mwenyewe na kumlipa kijana wa kuchimba mtaro. Baada ya gharama zote hizo, ni kawaida mtu kuamini kwamba bomba ni lake hadi linapogusa bomba kuu la barabarani. Sivyo. Kipande kilicho kabla ya mita kikishaunganishwa huwa sehemu ya mtandao wa kampuni, hata kama risiti ya duka ina jina lako. Hilo linakulinda na pia linakufunga. Kikivuja, kampuni ndiyo yenye wajibu wa kukirekebisha. Lakini huna ruhusa ya kukikata, kukihamisha, au kumtolea ndugu yako aliye ploti ya pili laini ya pembeni. Kuchukua maji kabla ya mita ni wizi wa maji, na Sheria ya Maji ya 2016 inauhesabu kuwa kosa la jinai.

Mita nayo ni mali ya kampuni, ila inalala kwako, na wewe ndiye mlinzi wake. Hapa wenye nyumba wengi huteleza. Kisanduku cha mita kinajaa mchanga mvua ikinyesha, au kinafunikwa kwa kokoto za ujenzi, au geti linafungwa mchana kutwa na mbwa yuko nje. Msomaji wa mita akikosa kuifikia, bili hutoka kwa makisio, na makisio yakirundikana miezi mitatu minne, siku mita itakaposomwa kweli utapata deni la kushtua. Fukua kisanduku hicho. Weka kifuniko. Ikiwezekana, omba mita ikae kwenye mpaka wa ploti ambapo inasomeka bila mtu kuingia ndani.

Mita za shaba huibwa pia, na kuuzwa kama chuma kuukuu. Uharibifu wa miundombinu nchini ulifikia kiwango cha serikali kusimamisha biashara ya chuma kuukuu mnamo Januari 2022, kisha kuirudisha baadaye mwaka huo huo. Ndiyo maana kampuni nyingi sasa zinapenda mita zenye mwili wa plastiki. Yako ikiibwa, ripoti polisi na kwa kampuni siku hiyo hiyo. Usimwambie fundi aunganishe bomba moja kwa moja ili wapangaji wasikose maji. Siku kampuni ikija, itakukuta wewe ndiye uliyepitisha maji bila mita.

Upande wa pili wa mita ndipo penye kazi kubwa zaidi, hasa katika miji yetu ambayo imekua haraka kuliko mabomba yake. Mitaa mingi haina bomba kuu linalopita karibu. Mtu anapewa mita mbali, kando ya barabara, halafu anavuta laini yake mwenyewe kupitia njia za miguu, mashamba ya mahindi na mitaro ya maji taka hadi nyumbani. Laini kumi za majirani kumi zinalala pamoja, nyembamba, zingine juu ya ardhi. Laini hiyo yote, kutoka mita hadi jikoni, ni yako. Jembe likiikata, hasara ni yako. Lori likiipasua, hasara ni yako hadi umpate mwenye lori. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na nautoa kwa nguvu: pesa unazookoa kwa kununua bomba hafifu utazilipa mara nyingi kwenye bili. Tumia bomba jeusi la polithini lenye alama ya shinikizo, lizike kina cha kutosha jembe lisilifikie, na usilipitishe ndani ya mtaro.

Hilo la mtaro si suala la bili tu. Maji katika miji hii hayatoki saa zote. Yakikatika, bomba hubaki tupu na shinikizo hushuka. Kwenye ufa ambapo jana maji yalikuwa yakitoka, leo uchafu unaingia. Maji yakirudi, wa kwanza kufungua mfereji anapata kilichokuwa mtaroni. Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kukumbwa na mlipuko wa kipindupindu wa 2015, na ingawa ugonjwa huo una njia nyingi za kuenea, laini iliyopasuka ndani ya maji taka ni mojawapo ambayo mwenye nyumba anaweza kuifunga kwa mkono wake. Kwa sababu hiyo hiyo, usifunge pampu ya kuvuta maji moja kwa moja kwenye laini ya kampuni. Pampu inanyonya, na laini za majirani zote zenye ufa zinanyonya pamoja nayo. Acha maji yaingie kwenye tangi la chini kwanza, kisha ndipo uyapandishe. Na maji ya kisima au ya mvua yasiunganishwe na bomba la kampuni hata kwa koki moja, maana koki husahauliwa wazi.

Sasa tuitazame mita yenyewe. Ndani yake kuna kigurudumu kinachozungushwa na maji yanayopita, na juu kuna tarakimu. Katika mita nyingi tarakimu nyeusi ni yuniti, yaani mita za ujazo, na yuniti moja ni lita 1,000, sawa na mitungi 50 ya lita 20. Nyekundu ni sehemu za yuniti. Pembeni kuna kinyota kidogo ambacho huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kinyota hicho ndicho rafiki yako. Usiku, watu wakilala, funga mifereji yote na koki ya kuingiza maji tangini, kisha umulike mita kwa tochi wakati maji yapo. Kikizunguka, kuna mahali panavuja baada ya mita. Andika tarakimu, rudi baada ya saa moja. Lita 10 kwa saa zinaonekana chache, lakini kwa siku 30 zinafika lita 7,200, yaani zaidi ya yuniti 7 ambazo hakuna aliyezitumia. Funga koki iliyo mlangoni mwa nyumba, uangalie tena. Kikisimama, uvujaji uko ndani, mara nyingi chooni, kwenye tangi la kumwagia maji ambalo halijai. Kikiendelea, uko ardhini, kati ya mita na nyumba.

Kuna jambo ambalo wateja hulalamikia na wana haki. Maji yanaporudi baada ya kukatika, hewa iliyo ndani ya bomba husukumwa mbele, na kigurudumu hakibagui hewa na maji. Huzunguka. Ukiweza, funga koki ya mita maji yanapokatika na uifungue polepole yakisharudi kwa nguvu. Kwa upande mwingine, mita iliyochoka, au iliyosagwa na mchanga wa maji machafu ya msimu wa mvua, kwa kawaida husoma pungufu. Hasara hiyo hubebwa na kampuni, na hatimaye na sote: kwa miaka mingi zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayalipiwi, kwa kuvuja, kuibwa au kutopimwa sawasawa. Kwa hiyo ukiona maji yanachuruzika barabarani kabla ya mita yako, piga simu ingawa bili haikuhusu.

Mwenye ploti ya kupangisha ana mzigo wake. Mita moja, nyumba kumi, na akaunti ina jina lake. Mpangaji akihama usiku, deni halihami naye. Mama mmoja akikwambia, “Mzee, mita inazunguka na hakuna anayeteka,” usimtume kwa msimamizi wa ploti. Nenda ukaangalie, kwa sababu anakuokolea pesa zako. Ukiwa na uwezo, weka mita ndogo ya kila nyumba baada ya ile ya kampuni, ila ujue kuzitunza na kuzisoma ni kazi yako, na kampuni itaendelea kukudai kwa ile kubwa. Na unaponunua ploti, omba bili ya karibuni na usome mita mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, kisha ubadilishe jina la akaunti. Nimeona watu wakichunguza hatimiliki kwa wakili na kusahau karatasi hii moja.

Bili ikikushinda kuelewa, anza na kampuni, kwa maandishi, ukiwa na picha za mita zenye tarehe. Unaweza kuomba mita ipimwe. Kampuni huweza kutoza ada ya kipimo, na ni haki kuuliza kama utarudishiwa mita ikipatikana na kasoro. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa WASREB, mdhibiti wa huduma za maji. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma hiyo imekabidhiwa kaunti. Lakini mdhibiti atakuuliza swali lile lile ambalo fundi atakuuliza: uvujaji ulikuwa upande gani wa mita? Piga picha ya tarakimu kila tarehe moja ya mwezi, uihifadhi kwenye simu, na utakuwa na jibu.