Gunia moja la chai likileta shida, nani atajua lilitoka wapi?

Siku ukirudi ushago, pitia Kebirigo au Nyansiongo mchana, usimame kando ya kituo cha kununulia majani chai. Utaona kina mama na vijana wamepanga foleni na mizigo yao. Karani anatundika mfuko kwenye mizani ya kielektroniki, anaingiza nambari ya mkulima, kilo zinaingia kwenye mashine. Imeisha hiyo. Hakuna daftari lenye madoa ya mvua, hakuna "nitakuandikia kesho".

Wewe uko Nairobi au Kisii mjini, unajiambia hayo ni mambo ya wazee. Lakini kama karo yako ililipwa na bonasi ya chai, basi nambari hiyo imekulisha. Na safari yake haiishii kituoni.

Tufuate mzigo wa magokoro, nyanya yako. Lori linapeleka majani kiwandani. Huko yananyaushwa, yanakatwakatwa, yanaachwa yabadilike rangi, kisha yanakaushwa na kuchujwa kwa gredi. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa takriban kilo moja ya chai kavu. Sasa fikiria: majani ya nyanya yamechanganyika na ya mamia ya majirani. Huwezi kuchukua kijiko cha chai kavu useme, "Hii ni ya shamba letu."

Hapo ndipo bechi inaanza kazi. Kiwanda kinapakia chai kwenye magunia ya karatasi, na kila kundi la magunia linapewa nambari yake. Kwenye gunia kuna jina la kiwanda, gredi, uzito na nambari ya kundi. Nambari ya nyanya imeishia mlangoni, ya bechi imeanza. Rekodi za kiwanda zikiwa safi, mtu anaweza kutoka kwenye gunia, arudi hadi siku lilipotengenezwa, hadi malori yaliyoleta majani siku hiyo, hadi vituo yalikonunuliwa. Karatasi moja ikipotea katikati, mnyororo umekatika.

Ghalani, makosa ni ya kibinadamu

Chai nyingi ya Kisii na Nyamira huteremka hadi ghala za Mombasa, kuliko na mnada tangu 1969. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga milango, mnada huo ulihamia mtandaoni. Mnunuzi sasa anabofya tu, lakini gunia lenyewe bado linainuliwa na mtu.

Kama umewahi kufanya kibarua stoo, unajua karatasi inavyokuwa. Unapewa orodha: chukua magunia 40, bechi 316. Mwandiko wa bosi ni kama wa daktari. Taa ni hafifu, dereva anapiga honi, wewe unasoma 376. Unapakia, unatia tiki, lori linaondoka. Kosa litagunduliwa wiki tatu baadaye, ng'ambo, na mtu aliyekasirika.

Ghala lisilotumia karatasi linafanya hivi: una mashine ndogo mkononi, au simu tu. Inakuambia uende safu gani, rafu gani. Ukifika unasoma bakodi, ile mistari myeusi. Ikiwa ni bechi yenyewe, inalia "tiit" na kukuruhusu. Ukikosea, inakataa. Kwingine wanavaa vipokea sauti masikioni: mashine inakutajia rafu, nawe unaijibu kwa kusoma tarakimu za hapo ili ijue uko mahali sahihi. Kwingine taa inawaka juu ya rafu unayotakiwa kuiendea.

Kwa vyakula vinavyoharibika upesi, mfumo pia unakutuma kwanza kwa mzigo unaokaribia kuisha muda, hata kama uliingia ghalani baada ya mwingine. Maziwa na unga huokolewa hivyo.

Na kila "tiit" inaacha alama: nani alichukua, bechi gani, saa ngapi, ikaenda kwa nani. Tangu Januari 2005, sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula ajue alinunua kwa nani na akamuuzia nani: hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Mnunuzi wa huko akibanwa na sheria yake, naye atambana aliyemuuzia, hadi maswali yafike kwenu mlimani.

Kwa nini usilale

Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliugua watu 317 katika eneo la Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Mahindi ya sokoni hayana lebo. Ukishayamwaga kwenye debe, nani atakuambia yalitoka shamba gani ili uwaonye wengine walionunua?

Novemba 2019, shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Chapa nzima, si gunia moja. Ndiyo maana rekodi za bechi ni kinga pia: ukiweza kuonyesha kuwa tatizo liko kwenye mzigo wa Jumanne pekee, una la kujitetea nalo kuhusu mzigo wa Jumatano. Usipoweza, wote mnaoga maji yale yale.

Pale uzi unapokatika

Tuseme ukweli. Wakulima wengi wa Kisii na Nyamira wamelalamika kwa miaka kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Ndiyo sababu wengine huuzia madalali majani, pesa mkononi siku hiyo hiyo. Usimhukumu mama anayedaiwa na duka. Lakini jua kinachopotea: majani ya dalali hayana nambari ya nyanya. Yakiwa mabovu, atakayelaumiwa ni eneo zima. Yakiwa mazuri, hakuna atakayejua ni ya nani.

Na ndizi je? Ndizi ya Kisii inapakiwa Keroka au Daraja Mbili, inafika Nairobi alfajiri, na hapo jina la mkulima limeshafutika. Kinachobaki ni "matoke ya Kisii". Mkulima aliyetunza mkungu na aliyekata mbichi kabla ya wakati wanapata bei ile ile.

Hapo ndipo wewe unaingia. Huhitaji mamilioni. Kikundi cha vijana chenye mizani, simu moja na jedwali la bure kinaweza kumpa kila mkulima nambari, kubandika lebo kwenye kila kreti ya ndizi au parachichi, na kuandika ilikoenda. Nambari ya mkulima, tarehe, shamba, mnunuzi: mambo manne tu. Mnunuzi akilalamika, unamrudia mkulima mmoja badala ya kugombana na kijiji kizima. Akisifu, unajua nani wa kuongezwa bei.

Na kama unatafuta kazi za ghala huko Nairobi, jifunze skana na jedwali kabla ya kwenda. Mgongo wenye nguvu wako wengi. Anayeweza kumwambia bosi kwa dakika tano bechi 316 iko wapi, hao ni wachache.

Jioni hii ukipika chai, geuza pakiti utafute nambari ndogo iliyopigwa mhuri kando ya tarehe. Wengi huwa hatuisomi. Ndiyo njia pekee ya kurudi, kutoka kwenye sufuria yako hadi kwa watu waliopanga foleni kituoni.