Eponji ya kaske: kwa nini umbo lake linabadilisha sauti na raha ya sikio



Tangu 2013, kituo cha umeme wa maji cha Virunga kilipoanza hapa Mutwanga, umeme umeleta kazi, na umeleta kelele pia. Mutu anakaa karibu na mashini ya kusaga, anavaa kaske yake, kiisha anapandisha muziki ili ashinde ile kelele. Wakati wa kununua anauliza bei, anauliza kama besi inapiga. Eponji inayogusa kichwa haiangalii kabisa. Lakini ni ile eponji inayoamua nini kitafika ndani ya sikio.

Jambo la kwanza ni kufunga. Sauti nzito inatoka wakati kile kispika kidogo kinasukuma hewa polepole, mbele na nyuma. Eponji ikifunga vizuri kuzunguka sikio, ile nguvu ya hewa inafika mpaka kwenye ngoma ya sikio. Pakiwa na nafasi ndogo tu, hewa inatoroka na besi inapotea, lakini sauti nyembamba inabaki. Ni kama mufereji uliotoboka kando: maji inapotea mbele ya kufika shambani. Miwani, misuko minene ao kitambaa cha kichwa vinaweza kufungua ile nafasi.

Sasa umbo. Kuna eponji ndogo zinazolala juu ya sikio, na kubwa zinazolizunguka. Zile ndogo ni nyepesi, lakini zinakandamiza nyama ya sikio, na nyuma ya saa moja utasikia maumivu. Kwa zile kubwa, angalia tundu la katikati. Sikio la mutu mzima lina urefu wa karibu sentimita 6, na si muviringo, ni refu kuliko pana. Tundu la muviringo likiwa dogo, linabana sikio juu na chini. Likiwa kubwa, ukingo wake unafika kwenye taya, na kila mara ukisema ao ukitafuna, hewa inapita. Ndiyo maana kaske nyingi zina eponji ya umbo la yai ao la herufi D. Zingine ni nene zaidi upande wa nyuma, juu kichwa chetu kina bonde kidogo nyuma ya sikio, chini karibu na taya. Ule unene unajaza lile bonde.

Kina nacho kina kazi. Eponji ikiwa fupi, sikio linagusa kifuniko cha kispika, linapata joto na kuuma. Tena, umbali kati ya kispika na sikio ukibadilika, sauti nyembamba nayo inabadilika. Kwa hiyo kaske ambayo eponji yake imelala kabisa haitoi tena sauti ya siku ya kwanza, hata kama kispika ni kizima.

Kwa kitu ilichotengenezwa nacho, fikiria udongo. Ngozi ni kama udongo wa mufinyanzi: inafunga, inashika besi na kuzuia kelele, lakini jasho linakaa. Kitambaa cha mahameli ni kama muchanga: hewa inapita, sikio linapoa, lakini besi inapungua na kelele inaingia. Mu 1968 Sennheiser walitoa HD 414, kaske ya wazi yenye eponji ya rangi ya manjano inayopitisha hewa. Kwenye chumba kimya ni raha. Kando ya mashini, haitakusaidia.

Kwa nini tuhangaike na haya? Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mutu anaweza kusikiliza saa 40 kwa juma. Kwa desibeli 90 zinabaki saa 4 tu. Eponji isiyofunga inakusukuma upandishe sauti, na sikio likikufa halirudi.

Jaribu hivi: weka wimbo wenye besi, kiisha kandamiza kaske polepole kwa mikono miwili. Besi ikiongezeka sana, ujue eponji yako haifungi. Sogeza nywele ao miwani. Kama bado, tafuta eponji mupya yenye kipimo kile kile. Kwa kaske nyingi inatoka bila kuharibu kitu. Pangusa jasho kila mara, na uanike kivulini, juu jua kali linapasua ile ngozi.

Na tukumbuke: kaske ya muziki si kaske ya kukinga kelele. Anayefanya kazi kwenye mashini avae ile ya kazi. Na tukiwa barabarani, tuivue: kwetu huku, sikio ni mulinzi pia.