Bega kwa Bega, Macho Mbele

Mwaka 2018, katika mji mdogo wa Kiama, pwani ya New South Wales nchini Australia, Mark Burns alianza kuwaita wanaume wenzake watembee pamoja. Wito huo ukawa The Man Walk, ukaenea hadi miji mingine. Miaka miwili baadaye, jijini London, Scott Oughton-Johnson akaanzisha The Proper Blokes Club: wanaume wanakutana jioni, wanatembea, wanaongea, kila mtu anarudi kwake. Kiingilio hakuna.

Kutembea tu? Anayeuliza hivyo ana haki. Mwaka 2023, England na Wales zilisajili vifo 6,069 vya watu waliojiua, na takriban robo tatu walikuwa wanaume. Janga kubwa namna hiyo linaonekana kuhitaji dawa kali kuliko raba za mguuni.

Wengi hujibu haraka kwamba siri ni mazoezi. Ni kweli kwa sehemu. Februari 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zilizokuwa na washiriki zaidi ya 14,000, na kutembea au kukimbia polepole kulikuwa miongoni mwa mazoezi yaliyopunguza vizuri dalili za sonona. Lakini jambo lingekuwa mazoezi peke yake, kila mwanaume angezunguka uwanja alfajiri kivyake na kazi ikaisha. Nionavyo mimi, uzito wa jambo hili uko mahali pengine: kwenye macho.

Mkalishe mwanaume kitini, keti mbele yake, mtazame, umuulize anaendeleaje. Atakwambia "poa tu", na hapo mlango umefungwa. Tangu utotoni, kutazamwa hivyo kumemaanisha mwalimu mkuu, askari au bosi. Mkitembea, macho yana kazi nyingine: kuna shimo, kuna baiskeli inakuja, kuna taa za barabarani. Sentensi nzito inaweza kutoka nusu, ikakatika, ikamaliziwa mbele baada ya kuvuka barabara, na hakuna aliyeuona uso wa msemaji ulipobadilika. Hata kimya kinapata ruhusa. Dakika tano za kimya mezani ni adhabu, ilhali njiani ni mwendo tu.

Watu wa pwani watasema hayo yote baraza inayo: wanaume wameketi sambamba, kahawa mkononi, wanatazama njia. Inayo, ila baraza ina masikio mengi na utani wake hauna huruma. Neno la saa kumi limefika sokoni kabla ya magharibi. Msafara, kinyume chake, hukatika wenyewe vipande vya wawili wawili, na anayesema husikiwa na mmoja. Ukimchoka mwenzako, unainama kufunga kamba ya kiatu, kundi linakupita, unainuka na mwingine. Hakuna aliyekosewa adabu.

Kwa hiyo kazi ya kiongozi inapungua maneno na kuongezeka miguu. Afuate mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na nyuma kabisa awepo mtu anayejua kwamba mkia ndio zamu yake, maana mwenye jambo zito mara nyingi huburuza hatua. Saa na mahali visibadilike: aliyeghairi mara tatu akiwa bado ndani ya gari lake anahitaji kujua kwamba wiki ijayo watakuwa palepale.

Mipaka ipo, na wapenzi wa matembezi haya huipitia juujuu. Kutembea hakulipi deni wala hakurudishi kazi. Mwenye maumivu ya goti anaachwa nje. Kiongozi si tabibu. Akisikia mtu anasema amechoka kuishi, lazima ajue ampeleke wapi usiku huohuo, na si kumwambia ajikaze hadi matembezi yajayo. Zaidi ya yote, kundi humsaidia aliyekuja, na anayezama huanza kwa kutokuja. Ningekuwa mratibu, ningeacha kuhesabu waliohudhuria, nikamkabidhi mtu mmoja simu na jukumu la kuwatafuta waliokosekana.