Nyigu Asiye Nyigu

Ukipita katika shamba la viazi vitamu mchana wa jua, unaweza kumwona mdudu mdogo mwenye mwili mwembamba na mabawa yanayopitisha nuru, akiruka upesi kama mwenye shughuli nyingi. Wanafunzi wetu, tukiwaonyesha picha yake, humwita nyigu bila kusita. Hatuwalaumu. Hata hivyo, mdudu huyo si nyigu, ni nondo. (Tunamkusudia nondo mdudu, wala si zile nondo za fundi wa ujenzi.)

Wengi wetu tunamfahamu nondo kuwa mdudu wa usiku, mwenye mabawa yaliyojaa unga, anayeizunguka taa mpaka akaungua. Unga ule ni magamba madogo sana yaliyopangwa kama vigae vya nyumba, na ndiyo yaliyoipa jina oda nzima ya vipepeo na nondo, yaani Lepidoptera, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya gamba na bawa. Nondo tunaowazungumzia hapa ni wa familia ya Sesiidae, ambayo baadhi ya vitabu vya zamani huiita Aegeriidae. Spishi zake zinazojulikana duniani zinapita 1,400. Hawa hawana magamba katika sehemu kubwa ya mabawa. Baadhi yao hutoka katika pupa wakiwa na magamba machache yasiyoshika vizuri, nayo hupukutika wanaporuka mara ya kwanza. Yanayosalia hukaa kwenye kingo na kwenye mishipa ya bawa. Aidha, wengi wao huruka mchana.

Kufanana kwao na nyigu si bahati tu. Mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa katika misitu ya Amazon kwa miaka 11, alieleza kwamba kiumbe asiye na kinga hupata kinga kwa kuvaa sura ya mwenye kinga. Yeye alizungumzia vipepeo, lakini hoja yake inawafaa sana hawa. Ndege aliyewahi kudungwa na nyigu hamgusi tena mdudu yeyote mwenye umbo lile. Nondo wetu hana mwiba wala sumu ya kudunga, ila ana mwendo ule ule. Ukingo wa bawa lake la mbele umekunjika na kushikana na ule wa bawa la nyuma kwa vijiba vidogo, hivi kwamba mabawa manne huenda kama mawili, na nyigu naye huyaunganisha yake kwa namna inayokaribiana na hiyo. Mmoja wa Ulaya, Sesia apiformis, alipewa jina na Clerck mwaka 1759, na apiformis maana yake ni mwenye umbo la nyuki. Kwa hiyo udanganyifu wa mdudu umeingia hata katika jina lake la kitaalamu!

Hapo ndipo sisi walimu wa lugha tunapoguswa. Tunapowapa wanafunzi vijitabu vya kilimo wavitafsiri, wengine huandika nyigu na wengine kipepeo, hasa wale wanaofikiria ekiwojjolo la Kiganda. Neno kipepeo halina madhara makubwa. Neno nyigu lina madhara. Mkulima akiambiwa kwamba nyigu ndiye adui wa viazi vyake, atawaua nyigu, na nyigu wengi huwinda viwavi au hutaga mayai ndani yao. Atakuwa amemfukuza askari na kumwacha mwizi shambani. Pendekezo la nondo mwangavu nalo halituridhishi, kwa kuwa angavu hudokeza kung'aa. Sisi tunapendelea nondo wa mabawa ya kioo. Ni kweli kwamba kioo ni pia kile cha kujitazamia, lakini mtu yeyote aliyewahi kuona dirisha ataelewa.

Katika eneo letu wapo wawili wanaojulikana kwa kuharibu viazi vitamu. J. D. Bradley aliwaeleza mwaka 1968 kutokana na vielelezo vya Afrika Mashariki, akawaita Synanthedon dasysceles na Synanthedon leptosceles. Jike hutaga mayai kwa mafungu ya 70 hadi 100 juu ya marando na vikonyo vya majani. Kiwavi akianguliwa hutoboa na kuingia ndani ya rando, na huko hukaa gizani akila, mara nyingine akashuka hadi kwenye kiazi chenyewe. Shina la rando huvimba karibu na ardhi, na ukilipasua utakuta mapito aliyoyachimba. Kabla ya nondo kutoka, pupa hujisukuma nusu nje ya shina, na ganda lake tupu hubaki limechomoza hapo. Ganda hilo ndilo alama ya kutafuta. Fukusi, ambaye kwa hakika ndiye mharibifu mkubwa zaidi wa viazi vitamu, haachi ganda la namna hiyo.

Kwa kuwa kiwavi yuko ndani, dawa inayonyunyizwa juu ya majani haimfikii kwa urahisi. Kinachosaidia ni kazi ya kabla na wakati wa kupanda: kukata vipando kutoka kwenye ncha za marando mazima, si kwenye mashina ya zamani yaliyovimba; kutorudia viazi mahali pale pale msimu hadi msimu; na kupandishia udongo kwenye matuta ili tako la shina lifunikwe. Wakati wa kukata vipando, inatosha kupitisha kidole chini ya rando karibu na ardhi. Likiwa na uvimbe, lipasuliwe kwanza.