Ini Linapopigwa Picha

Kawangware, Nairobi, haikosi mashine ya ultrasaundi. Kuanzia steji ya 46 kuelekea Congo, kliniki ndogo zimebanana na maduka ya nafaka na vinyozi, na wanaosubiri zamu wengi ni mama wajawazito. Lakini mashine ile ile inayomwonyesha mama mtoto wake ndiyo mara nyingi huwa ya kwanza kuona madoa kwenye ini la mtu aliyekuja akilalamikia tumbo na kukonda. Ripoti huandikwa kwa mstari mmoja, na nyumba nzima hukosa usingizi.

Ini huvamiwa kwa sababu ya kazi yake. Damu inayotoka tumboni na kwenye matumbo hupitia huko kwanza kabla ya kurudi moyoni. Chembe za saratani zikichomoka kwenye utumbo mpana, hubebwa na damu hiyo na kunasa huko. Saratani za matiti, tumbo na kongosho nazo hufika. Kwa daktari, kujua kama ini limeguswa kunabadilisha mpango wote: apasue, aanze na dawa, au atulize maumivu tu.

Ultrasaundi ni nafuu na haina mnururisho. Mpimaji hupaka jeli ya baridi, anasukuma kifaa chini ya mbavu za kulia, na mwangwi wa sauti unachora picha. Gesi tumboni huiharibu picha hiyo, ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile kwa saa kadhaa. Tena si kila doa ni saratani. Kuna vifuko vya maji, kuna vivimbe vya mishipa ya damu visivyodhuru, kuna jipu la amiba. Turkana kuna uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa, na shirika la Amref lilikuwa likiwapima watu huko kwa ultrasaundi tangu miaka ya 1980. Ripoti ya kwanza ni swali. Isisomwe kama hukumu.

Jibu zuri zaidi huanzia kwenye CT skani. Mashine hii ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na mwaka 1979 Godfrey Hounsfield wa Uingereza alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria tatizo hilo akiwa katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Kwenye ini, siri yake ni kupatia wakati. Takriban robo tatu ya damu ya ini hutoka kwenye mshipa mkubwa wa matumbo, na robo iliyobaki kwenye ateri. Uvimbe uliohamia pale hunywa zaidi kutoka kwenye ateri. Basi dawa ya kung'arisha picha hudungwa mkononi. Mgonjwa huhisi joto likimpita mwilini na ladha ya chuma mdomoni, kisha sauti inamwambia avute pumzi aishikilie. Baada ya sekunde kama sabini ini zima linang'aa, na uvimbe mwingi wa aina hiyo hubaki mweusi kama visiwa.

Bila dawa hiyo, madoa mengi hujificha. Ninasema wazi: kumtuma mtu asiye na uwezo akapige CT ya kutafuta saratani ya ini bila dawa ya kung'arisha, wakati figo zake ni nzima na hana mzio, ni kumpotezea pesa bure. Kipimo cha kreatinini hutosha kuonyesha hali ya figo.

Zipo pia skani za PET. Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, ilianza huduma hiyo mwaka 2018, na baadaye ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Skani hii hutumia sukari yenye mnururisho, ambao hupungua nusu kila dakika 110, ndiyo maana saiklotroni, mashine inayoutengeneza, haiwezi kuwa mbali. Ila ini lenyewe hula sukari, kwa hiyo doa la chini ya sentimita moja linaweza kupotea humo. Hapo MRI huona vizuri zaidi.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani Kenya kuwa zaidi ya 42,000, na vifo takriban 27,000. Kinachowaua wengi ni kuchelewa. Saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini, ikiwa madoa ni machache na yanaweza kukatwa, si mwisho: baadhi ya wagonjwa waliopasuliwa huishi miaka mitano na zaidi.

Kwa hiyo, ukiambiwa kuna doa, usikimbilie dawa za mitishamba wala usikae nyumbani ukilia. Beba ripoti na picha za zamani, maana daktari hulinganisha la leo na la mwaka jana. Uliza kama skani itatumia dawa ya kung'arisha. Uliza kama kinyama kitachukuliwa kupimwa maabara kabla ya matibabu kuanza. Na ukimaliza, dai nakala ya picha zako, uihifadhi pamoja na kitambulisho.